Ukungu Ndani ya Mfuko

Kiwandani walimwita Nukta, kwa sababu hakuna nukta iliyokosekana mahali pake ikampita. Alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, mtu wa mwisho kupitia vitabu vya shule, kalenda, fomu na kadi za mwaliko kabla mitambo haijaanza kunguruma. Alikaa meza ya dirishani, kalamu nyekundu juu ya sikio, na wachapaji waliapa kwamba angeiona koma iliyopinda hata akiwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Figo zake zilikuwa zimegoma kazi miaka miwili iliyopita.

Mara nne kwa siku alibadilisha maji ya tumboni. Daktari alikuwa amempasua kidogo chini ya kitovu akamwekea mrija laini, mwembamba kama penseli. Kupitia mrija huo aliingiza lita mbili za maji ya dawa, yakakaa tumboni kwa saa kadhaa yakivuta uchafu ambao figo zilitakiwa kuutoa, kisha akayamwaga kwenye mfuko mtupu na kuingiza mengine. Nyumba yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kiwandani, hivyo hata mchana alirudi, akaingia kichumba kilichokuwa stoo, akafunga dirisha, akavaa barakoa, akanawa mikono mpaka viwiko, na kwa dakika arobaini hivi hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Mume wake, fundi wa lifti, alisema kichumba kile ni ubalozi na yeye amenyimwa viza.

Maji yanayotoka yanatakiwa kuwa angavu. Sista wa hospitali aliyemfundisha kazi hiyo alimwambia aweke gazeti nyuma ya mfuko. Akiweza kulisoma, yuko salama. Nukta alitumia prufu badala ya gazeti, akawa anakagua tumbo na kazi kwa pamoja.

Mtu wa tatu nyumbani mle alikuwa baba mkwe wake, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Mzee huyo alikuwa dobi kwa miaka arobaini, na hata sasa hakuna aliyethubutu kutoka nyumbani na shati lenye mkunjo. Nukta alipoanza matibabu, mzee hakuuliza mambo ya figo. Aliuliza tu ni kazi gani ingeweza kuwa yake. Wakampa ya kupasha mifuko joto, maana maji ya dawa yakiingia yakiwa baridi mtu hutetemeka mpaka meno yakagongana. Hospitali ilikuwa imetoa pedi ya umeme: unalaza mfuko juu yake ukiwa bado ndani ya plastiki yake ya nje, unasubiri. Mzee akaishika kazi hiyo kama ajira. Kila saa ilipofika, Nukta alikuta mfuko mezani, umefunikwa taulo iliyopigwa pasi, una joto la kiganja. Wiki za karibuni alikuta hata plastiki ya nje imeshavuliwa, akaona wema wa mzee umezidi.

Jumanne moja alfajiri alimwaga maji ya usiku, akainua mfuko dirishani. Akaona kama kuna moshi ndani. Aliutikisa. Akajiambia nje bado hakujapambazuka vizuri. Angeweza kuwasha taa, hakuiwasha. Aliumwaga mfuko chooni haraka haraka, akavuta maji, akaenda kazini bila kumwambia mtu.

Alijua alichokuwa anakikimbia. Kabla ya mrija alikuwa ametumia mashine ya kusafisha damu kwa miezi mitatu. Presha ilikuwa inamshuka ghafla, macho yanaingia giza, na sauti za wauguzi anazisikia kama zinatoka kisimani. Siku moja bwana mmoja aliyekaa kiti cha mkabala, fundi viatu mwenye maneno mengi aliyezoea kumtania kuhusu ile kalamu ya sikioni, aliinamisha kichwa na hakukiinua tena. Wauguzi walivuta pazia. Nukta hakuweza kuondoka, damu yake ilikuwa kwenye mashine. Kwa saa mbili na nusu alikaa pale akitazama viatu vya yule bwana chini ya pazia, vimeng'arishwa vizuri. Alipopewa mrija aliahidi moyoni kwamba hatarudi kwenye vile viti. Na sista alishamwambia wazi: maambukizi makali ya tumbo ndiyo yanayomnyang'anya mtu mrija.

Mchana alirudi nyumbani akiwa na prufu ya kitabu cha jiografia. Tumbo lilikuwa limeanza kuuma, si sana, kama mtu aliyekula akalala vibaya. Alimwaga maji, akaweka ukurasa nyuma ya mfuko. Herufi zilikuwepo, lakini hazikusomeka. Alihamia kwenye kichwa cha habari, chenye herufi kubwa kama kidole gumba. Nacho kilikuwa kivuli tu.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki na barakoa yake usoni, akisikia mzee akipiga pasi sebuleni, chuma kikigonga meza. Kisha alifunga mrija, akautia mfuko ule kwenye mfuko mwingine kama alivyofundishwa, akatoka. Mzee alipomwona usoni aliweka pasi chini.

Hospitalini walichukua maji yale wakayapima. Daktari, mwanamke mfupi anayeongea polepole, alimweleza kwamba chembe za kupigana na wadudu, ambazo hazitakiwi kufika mia, zilikuwa elfu nne. Alilazwa. Wakaanza kumtilia dawa mbili za kuua bakteria humo humo ndani ya mifuko, na maji machafu yakapelekwa maabara ili waoteshe wadudu na kuwajua. Daktari hakumficha kitu. Alisema wagonjwa wengi maji huanza kung'aa siku ya pili au ya tatu. Yakifika siku ya tano bado yana ukungu, mrija hutolewa, kwa sababu wadudu wakijenga makao kwenye mrija hakuna dawa inayowang'oa, na utando wa tumbo unaweza kuharibika moja kwa moja. Hakutaja kifo. Nukta, aliyezoea kutafuta neno lililoachwa, aliliona pengo lake.

Siku ya pili maji hayakubadilika. Homa ilipanda, tumbo likawa gumu kama ubao, na kila nesi alipomgusa alishika vyuma vya kitanda. Jibu la maabara likaja: hakuna kilichoota. Daktari alikunja uso. Alieleza kwamba wadudu wa kawaida, wale wa ngozi ya mikono au wa kooni, wangekuwa wameshajitokeza.

Sista aliyemfundisha alikuja kumtazama akibadilisha maji pale wodini. Alisimama na mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Alipomaliza, sista alisema hana cha kumkosoa, na jambo hilo badala ya kumpa Nukta faraja likamtisha zaidi. Kosa linaloonekana lina dawa. Hili halikuonekana.

Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, sista aliwakuta mume na mzee kando ya kitanda, akaanza kuwahoji. Kuna paka anayeingia kichumbani? Hakuna. Maua kwenye vyungu? Hakuna. Feni, pazia jipya, mgeni mwenye mafua? Mume alijibu moja baada ya jingine. Sista akauliza mifuko inapashwaje.

"Kwa pedi," Nukta alisema. "Baba ndiye anayeishughulikia. Sijawahi kukuta mfuko umepoa."

Sista alimtazama mzee, akatabasamu, akaandika. Mzee alikuwa ameinama akinyoosha pembe ya shuka la hospitali, anaikunja, anaikunjua. Nukta aliona jasho kwenye paji lake, akadhani ni hofu ile ile iliyowashika wote.

Siku ya tatu mzee hakuja. Mume alisema baba hali chakula, anakaa tu stoo akitazama makasha ya dawa. Siku hiyo kitanda cha dirishani kilikuwa kimebaki kitupu, godoro limekunjwa, na hakuna aliyesema mwenyewe amekwenda wapi. Nukta aligeukia ukutani. Alihesabu vigae, alipofika mwisho akaanza upya, kwa sababu kila alipoacha aliviona vile viatu.

Huko maabara, ghorofa ya chini, alikuwepo mtaalamu mmoja aliyetaniwa na wenzake kwamba hatupi kitu hata akibembelezwa. Wengine wakiona sahani ya kuoteshea haijaota siku mbili tatu, wanaitupa. Yeye aliziacha sahani za Nukta kwenye joto. Siku ya nne asubuhi alizitoa, akaziinamisha kwenye mwanga, akaona vidoti vidogo kama ncha ya sindano, rangi ya waridi. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba uchafu wa bomba umeingia kwenye sahani. Akachukua sahani za sampuli ya pili, iliyochukuliwa siku nyingine na nesi mwingine. Humo pia kulikuwa na waridi. Alipanda ngazi mwenyewe badala ya kupiga simu, na daktari akamleta mpaka kitandani.

Daktari alitaja jina refu la Kilatini, kisha akaliacha. Alisema ni bakteria wa nadra sana. Alikuwa amewasoma kitabuni, hajawahi kuwakuta kwenye tumbo la mtu. Dawa mojawapo aliyokuwa akimpa, kwa wadudu hawa ilikuwa sawa na kuwapa chai.

"Hawa hawaishi mkononi wala kooni," alisema. "Wanaishi kwenye maji. Bomba, tangi, ndoo. Fikiria vizuri. Mrija au mfuko wako umegusa maji mahali popote?"

Nukta alifikiri. Alipitia siku zake kama anavyopitia ukurasa, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno. Haogi kwenye maji ya kujaza. Hukausha mikono kwa karatasi. Alisema hapana, na kusema hapana kulimtia hofu kuu kuliko zote, kwamba kitu kimeingia mwilini mwake kwa mlango asioujua na kinaweza kurudi kwa mlango huo huo.

Mume, aliyekuwepo kando ya kitanda, alikwenda nyumbani akasimulia aliyoyasikia. Kesho yake, siku ya tano, saa mbili asubuhi, wakati wageni hawaruhusiwi, mzee alitokea wodini. Alikuwa amebishana na mlinzi getini mpaka akaachiwa. Alivaa suruali yake ya kutokea, lakini shati halikupigwa pasi, na Nukta alipoliona lile shati moyo ulimlipuka. Alidhani amekuja kumwambia kuna mtu amekufa.

Mzee hakukaa. "Mwanangu," alisema, "ile pedi iliungua."

Nukta hakuelewa.

"Wiki ya nne sasa. Niliiacha imewashwa na taulo juu yake, ikanuka, ikazima. Niliona haya kusema. Kitu cha hospitali, nimekabidhiwa mimi, nimekiunguza mimi. Nikasema nitatafuta fundi kimya kimya."

"Na mifuko?"

"Nilichemsha maji, nikatia ya baridi yakawa vuguvugu, nikailaza kwenye beseni. Plastiki ya nje ilikuwa inachelewesha joto, nikawa naitoa. Nilikuwa naikausha, mwanangu. Nilikausha kila kona kwa taulo safi." Alitazama viganja vyake. "Miaka arobaini maji ndiyo yanayotoa uchafu. Sikujua yanaweza kuuingiza."

Nukta aliuona mfuko ule kichwani: mdomo wake, pete ya plastiki anayoizungusha kufungua, na mwanya mwembamba ambao hakuna taulo inayofika. Tone moja likibaki pale, likiteleza ndani anapounganisha. Mara nne kwa siku, wiki tatu na zaidi. Na kunawa kwake kote kule mpaka viwiko kulikuwa bure.

"Sista alikuuliza," alisema. "Ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Ndiyo."

"Toka, Baba."

Hakupaza sauti, lakini hakuwahi kusema naye hivyo, na mzee alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni kama mtu aliyesukumwa. Nukta alijifunika shuka akalia, na kulia kuliumiza tumbo, ikabidi aache. Hasira ilimsaidia kwa saa moja hivi. Kisha ikaisha, ikabaki hofu peke yake.

Alimwita sista akamweleza. Mchana huo maji yalitoka na ukungu ule ule, na daktari akasema hawatasubiri. Mrija ungetoka jioni. Dawa mpya zingeendelea wiki tatu kwa mshipa, na damu ingesafishwa kwa mashine mpaka tumbo lipone, kama litapona. Nukta aliuliza uwezekano wa kupata mrija mwingine. Daktari alimjibu kwamba hajui, na kwamba angemdanganya akijifanya anajua.

Walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, mume alitembea kando ameshika kidole chake kimoja tu, kwa sababu mkono wote ulikuwa na sindano. Yeye ambaye maisha yake ni lifti alisimama mbele ya lifti ya hospitali akaisikiliza inavyopanda, akasema kamba yake inahitaji grisi. Nukta alijua anaongea ili asilie. Mlango ulipofunguka alimwambia asiondoke. Akasema haendi popote.

Mrija ulitoka. Siku mbili baadaye akapelekwa kwenye viti vile. Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi upya, lakini harufu ilikuwa ile ile. Alipokaa, mwili mzima ulimtetemeka hata nesi akashindwa kumchoma, ikabidi sista ashuke kumshika bega. Saa ya pili presha ilianguka, giza likaja kutoka pembeni, sauti zikaingia kisimani. Akasema kwa nguvu zote alizobakiwa nazo kwamba anazimia. Walimwinua miguu, wakampunguzia mashine kasi, na giza likarudi nyuma. Alipofumbua macho, mtu wa mkabala alikuwa mama mmoja anasuka sweta, amemkazia macho. Mama yule alimwambia ajikaze kisabuni, maana na yeye siku ya kwanza aliwatukana madaktari wote. Nukta hakucheka. Ila alimwomba aendelee kuongea.

Homa ilishuka baada ya wiki. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alikuta sanduku la mzee limefungwa kamba na kuwekwa sebuleni. Mume alisema baba anahamia kwa binti yake, ameshaaga majirani. Mzee mwenyewe alikuwa jikoni, hakutoka kumlaki.

Nukta alikaa juu ya sanduku, akamwita. Mzee alikuja akasimama mbali.

"Baba, mimi niliona ukungu alfajiri," Nukta alisema. "Kabla ya ule wa mchana. Niliumwaga chooni nikaenda kazini. Sijamwambia mtu, hata daktari. Hata huyu mwanao."

Mume alimgeukia ghafla.

"Kwa nini?" mzee aliuliza.

"Niliogopa. Kama wewe."

Mzee alivuta kiti akakaa. Kisha Nukta alisema kwamba hajasamehe bado, anajaribu, na kwamba ni vigumu kujaribu kama mtu mwenyewe yuko mji mwingine. Mzee alifungua kamba, polepole, akaiviringa vizuri.

Kwa wiki kumi Nukta alikwenda kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Wiki ya kumi na moja walimwekea mrija mpya. Utando ulikuwa umepona, ingawa daktari alimwonya kuwa hautakuwa kama mwanzo. Sista naye alitoa sharti kwamba mtu mmoja wa nyumbani lazima afundishwe kila kitu na afanye mtihani. Mume ana zamu zisizotabirika. Nukta akamtaja mzee.

Mtihani wa kwanza mzee alishindwa. Majibu aliyajua yote, hata yale ya kukumbuka nambari, lakini alipotakiwa kushika mfuko aliuangusha. Alitoka nje akasimama ukutani, na Nukta akaenda kusimama naye. Wiki iliyofuata alirudia. Sista alimuuliza atafanya nini kifaa kikiharibika. Mzee akajibu, "Nitasema siku hiyo hiyo." Sista alimpa alama zote.

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole kwa ajili ya mshono. Njiani mzee alisema yule sista anaijua kazi yake kweli, lakini kola yake imepigwa pasi na mtu asiyempenda. Nukta alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, akashika tumbo, akamwomba asimchekeshe.

Saa ya kubadilisha maji ilipofika aliingia kichumbani, akafunga mlango, akanawa. Alikaa mbele ya mfuko mzima, mkavu, uliotoka kwenye pedi mpya, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuvua plastiki. Vidole vilikataa kuigusa pete. Alisikia mzee amesimama nje ya mlango, anapumua. Alisubiri mpaka mikono yake ikatulia kiasi. Haikutulia yote. Akafungua.